Kitufe cha Tatu Kushoto

Vykintas, uliyeniachia kiti chenye mguu mbovu
na majaribio mia nne na kumi na mawili,
usiku wa kuamkia leo mia moja na tisa yamewaka taa nyekundu.
Si kwamba duka la dawa limeharibika.
Watu wa Kaunas wananunua kama jana:
sharubati ya kikohozi, plasta, vitamini za miezi ya giza.
Ni Daiva tu, msanifu wetu,
amesogeza kitufe cha kulipa
upana wa kidole.

Nimefungua faili zako, chai ikanipoea mkononi.
Kila mahali umeandika njia, hukuandika jina:
ingia kisanduku cha pili, shuka ngazi nne,
hesabu vitufe, shika cha tatu kushoto.
Sawa na kumwelekeza mgeni
kwa kumwambia akate kona palipolala paka.
Paka amehama, Vykintas.
Na maelekezo hayo hayo umeyanakili
faili kwa faili, kosa la tahajia likiwa lile lile,
kila moja likimngoja paka wake.

Sikulaumu sana. Naijua haraka ya Ijumaa,
meneja mlangoni, koti tayari begani.
Nami nilifanya hivyo Šiauliai, kwa wauza matairi,
na yupo mtu huko hadi leo
anayenitaja akisaga meno.

Basi nimeanza upya, theluji ikigonga dirisha.
Ukurasa mmoja, daftari moja.
Wa kuingia una lake: barua pepe, nywila, nimesahau.
Kikapu kina lake. Malipo yana lake.
Humo tu ndimo inapoandikwa kitu kinapopatikana,
mara moja, basi.
Jaribio likifika haliulizi ngazi wala ukuta;
linaita, na kinachoitwa kinaitika.
Daiva akisogeza tena, narekebisha mstari mmoja
naenda kulala.

Lakini kutaja ni kazi.
Tautvydas alitaka tuandike kitufeKijaniKikubwa.
Nikamwambia kijani ni nguo, na nguo hubadilishwa;
nani huitwa kwa koti lake?
Kiitwe kwa kazi yake. Akanuna mpaka saa nane.

Nikafika kwenye malipo.
Nikakitafuta kitufe kwa jina lile
ambalo mashine humsomea asiyeona.
Jaribio likarudi mikono mitupu.
Pale palikuwa na picha ya kadi, nzuri, inayong'aa,
na nyuma ya picha hapakuwa na neno hata moja.

Ndipo nikamkumbuka shangazi Genovaitė,
ghorofa ya tano, Šilainiai, macho yaliyobaki na ukungu tu.
Vuli iliyopita aliniambia:
duka lenu huniacha njiani.
Sauti inasoma bei, inasoma anwani yangu vizuri,
kisha inasema kitufe. Kitufe. Kitufe.
Kipi, mwanangu?
Nikacheka. Kwa upole, lakini nilicheka.
Nikamnunulia matone yake mimi mwenyewe
nikajiona mwema.

Daiva alikipa jina kabla ya saa sita,
maneno mawili, hakuuliza kwa nini.
Jaribio likawaka kijani.
Sikumwambia mtu; nikatoka koridoni
nikampigia shangazi.

Alikaa kimya, simu ikiwa mezani.
Kwa mbali nikaisikia ile sauti kavu ya mashine:
kamilisha malipo, kitufe.
Kisha mlio mdogo wa kidole kikibonyeza.
Kisha tena.

"Nimelipa," akasema, kwa sauti ya mtu
aliyefungua mlango wake kwa ufunguo wake.
"Mara mbili, nadhani."

Hilo nalo, Vykintas,
hukuliandikia jaribio.